Kaa la Moto, K'aa wa Mtoni

Bibi yangu, mama mzaa baba, alikuwa na maradhi ya watu wa Mvita: kusahihisha. Alimsahihisha muuza samaki akinadi barabarani, alimsahihisha daktari akimweleza dawa, na siku moja alimsahihisha mwizi. Mwizi mwenyewe alikuwa amekamatwa na vijana mbele ya nyumba yetu, analia kwamba hana makosa, na Bibi akatoa kichwa dirishani akamwambia neno hilo halitamkwi hivyo. Mwizi akalitamka upya. Bibi akaridhika, akafunga dirisha, na vijana wakaendelea na kazi yao.

Hiyo ndiyo nyumba aliyoingia binamu yangu kutoka Kisumu, miaka ile ya mwanzo ya uhuru, mimi nikiwa kijana niliyekwisha kupata kazi ya kuandika mizigo Kilindini na kujiona mtu. Alikuwa mtoto wa shangazi yangu. Shangazi alikuwa binti wa pekee wa Bibi, akaolewa na mtu wa reli, na yule mume akampandisha gari la moshi akampeleka mpaka ziwani. Tangu hapo alirudi kwa nadra, maana safari ni ndefu na watoto walikuwa wengi. Bibi hakulisamehe lile gari. Likipiga honi alfajiri, yeye yuko juu ya msala wake, alikuwa akimaliza kusali anauliza, "Leo limemmeza mtoto wa nani?"

Binamu alizaliwa huko huko, akakulia kwenye landhi za reli, zile nyumba za safu za wafanyakazi, pamoja na watoto wa kila kabila, na Kiswahili chake kilikuwa cha landhi: chepesi, cha mbio, kisichojali ngeli wala mkubwa. Alisema amekuja kututembelea tu. Hakuna aliyemwamini. Mwaka uliotangulia alikuja kwetu msibani, akamwona dada yangu akipita uani na sinia la kahawa, na baada ya hapo Kisumu ikawa haikaliki. Sasa alikuwa amekuja na likizo fupi na suruali mbili mpya, kumposa.

Baba alimpenda. Dada yangu alipoulizwa alisema, "Nyinyi mnavyoona," na kwa mtu ambaye hakuwahi kukubaliana na lolote bila kubishana, hilo lilikuwa kama kupiga vigelegele. Lakini Baba alisema mamake yu hai, na mama akiwa hai kauli si ya mtoto. Basi tukamgeukia Bibi, na Bibi akatafuna tambuu yake.

Kwetu bibi na mjukuu wa kiume ni watani. Kwa maneno ni mke na mume. Kwa hiyo Bibi alimwita binamu "mume wangu wa bara," na dada yangu Bibi akamwita "mke mwenzangu."

"Nasikia wataka kuniolea mke wa pili," alimwambia siku ile ile ya kwanza, binamu akiwa bado hajavua viatu vizuri. "Haya, huyu wa kwanza ushamlisha nini?"

"Bibi, mimi iko tayari kulisha nyinyi wote," binamu akasema kwa furaha.

"Iko," Bibi akasema polepole, kama mtu aliyeng'ata jiwe kwenye wali. "Mume wangu iko."

Kesho yake mambo yakaharibika. Bibi alikuwa jikoni mbele ya seredani, anapepea moto, dada yangu anakuna nazi. Binamu akapita, naye Bibi akamwita. "Mume wangu, ndoo hapa. Shika kikapu hiki uende sokoni ukaniletee k'aa."

Hapa lazima nisimame, maana herufi hizi tulizopewa hazitoshi. Katika mdomo wa mtu wa Mvita kuna kaa na kuna k'aa. Kaa ni la moto, lile la kupikia, na k yake ni kavu, haina pumzi. K'aa ni yule mdudu wa kwenye matope, mwenye magando, mtamu kwa nazi na ndimu. K yake hutoka na pumzi, ukiweka kiganja mbele ya mdomo unauhisi upepo. Kwetu mtoto hajaota meno anajua tofauti hiyo. Anayechanganya hachekwi, huombewa dua.

Binamu alisikia neno moja tu. Akamwona Bibi mbele ya moto, akaona moto unataka kufa, akadhani wazee wa pwani hukata maneno wakasema kaa badala ya makaa. Akatoka. Akarudi na gunia begani, mweusi mpaka masikioni, anatabasamu.

"Bibi, makaa hii ni mzuri sana," alisema. "Kavu kabisa."

Bibi alilipokea gunia, akamshukuru. Hapo ndipo tulipotakiwa kuogopa.

Mchana tukakaa mkekani, sinia likaletwa. Wali wa nazi ulikuwa juu, na katikati bakuli la mchuzi mzito, ndimu zimekatwa, kotmiri imenyunyizwa kwa mapambo, na ndani ya mchuzi limekaa pande moja la kaa jeusi, limeoshwa, linang'aa. Bibi mwenyewe alilisogeza bakuli mbele ya binamu. "Karibu, mume wangu. Umeniletea mwenyewe, nimekupikia mwenyewe."

Baba alijitia kukohoa. Mimi niliangalia dari. Binamu alilitazama lile pande, akatazama nyuso zetu, na nikaona neno likimwingia, ingawa hakujua ni neno gani. Kisha akasema bismillahi, akakamua ndimu juu ya kaa kwa uangalifu, akafinyanga tonge, akachovya kwenye mchuzi, akala. Akachovya tena. Mwishowe akalisukuma lile pande kwa kidole mpaka upande wa Bibi.

"Bibi, hii kipande kubwa ni yako," alisema. "Sisi vijana mchuzi inatosha."

Kicheko kilichotutoka kiliwatoa majirani madirishani. Hata dada yangu, aliyekuwa akila chumba cha pili na Mama, tulimsikia akipaliwa. Bibi aling'ata mdomo wa chini. Nilimjua, alikuwa amefurahi, na hakutaka kujulikana.

Lakini alipomaliza kunawa akageuka mtu mwingine. Alimwita binamu mbele yetu sote.

"Maneno yako matamu, mume wangu, na moyo wako mweupe kuliko mikono yako," alisema. "Lakini binti yangu mmoja alikwenda bara na ulimi wake, na watoto wake hawa hapa wanipikisha makaa. Sitatoa wa pili niletewe vitukuu wasiojua jina la kitoweo. Siku utakayosema k'aa, nikaisikia kwa masikio yangu haya, mke mwenzangu ni wako. Kabla ya siku hiyo, wallahi, simtoi."

Tuliinamisha vichwa. Bibi alikuwa na mizaha mingi, lakini wallahi yake haikuwa mzaha. Nyumbani kwetu iliwahi kuzuia safari ya Hija, ikavunja urafiki wa miaka, na kuna jirani mmoja alikufa hajaonja tena mahamri yetu kwa sababu yake. Na likizo ya binamu ilikuwa inayeyuka. Gari la moshi la juma la pili lilikuwa lake, akilikosa amepoteza kazi.

Nikajitolea kuwa mwalimu. Nilimkalisha barazani, nikawasha kiberiti, nikakisimamisha mbele ya midomo yake. "Pumzi itoke na neno," nikamwambia. "Ukisema kaa la moto, moto utulie. Ukisema k'aa, ucheze. Haya."

"Kaa."

Moto ulisimama wima. Nikawasha mwingine.

"Kaa."

"Pumzi, bwana! Kwani unaiwekea nani?"

Akajikaza, akajaza mashavu, na kiberiti kikazimika kwa mate. Nikafuta uso. Siku iliyofuata alikuwa amefikiri usiku kucha na kupata njia yake: alilivuta neno kutoka kooni kama anayesoma Qurani, "Khaaa!" Bibi akapaza sauti kutoka jikoni, "Mpeni tonge kavu huyo, amekwamwa na mwiba!"

Nilikasirika, nasema kweli. Mimi nilikuwa mwalimu mwenye kiburi, na huyu mtu ambaye angeweza kuzitaja stesheni zote za reli kutoka Mombasa mpaka Kisumu bila kukosea, alishindwa na herufi moja. Nikamwambia huenda midomo ya watu wa ziwani imeshonwa vingine. Ndipo dada yangu akasema kutoka nyuma ya mlango, "Mwalimu gani huyu, yuwachoma wanafunzi ndevu? Toka hapo."

Akachukua darasa yeye. Alikaa ndani, nyuma ya mlango uliofungwa nusu, binamu akakaa nje barazani, na adabu zote zikawa zimehifadhiwa. "K'aa," alisema dada. "Kaa," alijibu binamu. "K'aa." "Kaa." Asubuhi, baada ya alasiri, "K'aa," "Kaa," mpaka wapita njia wakaanza kuitikia. Siku ya tatu niliona kwamba dada hamsahihishi tena. Sauti zao zilikuwa zimeshuka, zimekuwa laini, na yale maneno yalikuwa yanakwenda na kurudi bila haraka yoyote ya kufika. Hapo nikaelewa kwamba hawafundishani kitu. Mama naye alielewa, akaenda kukaa katikati na ungo wake wa mchele.

Kwa hiyo siku zilikwisha, mwanafunzi hajafuzu. Dada yangu akaacha kula. Alipita mbele ya Bibi akiburuta kandambili zake kwa nguvu, na Bibi akasema tu, "Inua miguu, mke mwenzangu, zulia halijakukosea." Lakini nilimwona Bibi pia anamtazama kwa kuiba. Wallahi ni kitu kigumu. Ukishaitoa huna pa kuirudishia.

Mwezi ulikuwa umeingia gizani, na mwezi wa giza ndio k'aa hunenepa. Bibi akatangaza kwamba anataka k'aa wa mto wa Jomvu, wa kwenye mikoko, si hawa wa sokoni waliokonda kwa kutazamwa. Na atakwenda mwenyewe.

"Mwenyewe, Mama?" Baba akauliza.

"Nimtume nani? Nikimtuma mume wangu ataniletea jiko zima."

Basi tukaenda. Nilikopa mashua ndogo ya makasia kwa jirani mvuvi, tukashukia pwani ya Tudor, na maji yanayojaa yakatupokea. Tulikuwa wanne. Bibi alikaa katikati na mwavuli wake, kijaluba chake cha tambuu, na fungu la ukindu, maana hakuweza kukaa bure bila kusuka. Dada yangu alikaa ubavuni pake na chupa ya chai, amejifunika buibui mpaka puani, macho nje. Mimi nilikaa omoni, mbele kabisa, mwenye mashua, mwenye mto, mwenye kujua kila kitu. Binamu akashika makasia.

Nilikuwa nimejiandaa kumsahihisha, nikakosa la kusema. Mtoto wa ziwani alipiga makasia kwa ulaini, mashua ikawa inateleza, maji hayarushwi hata tone. Bibi alimtazama mikono kwa muda.

"Hilo ziwa lenu lina chumvi?" aliuliza.

"Hapana, Bibi. Maji yake ni tamu."

"Ndiyo maana maneno yenu hayakolei."

Huko juu ya hori, ule mkono wa bahari, mto ulipoanza kubana, mikoko ilitukaribia pande zote na matope yakaanza kunuka. Nikateremka na fimbo yangu ya kulabu. Nilitaka binamu aone namna mtu wa Mvita anavyomtoa k'aa shimoni: unainama, unaingiza fimbo, unaisikiliza, yeye anaing'ang'ania, unamvuta taratibu. Nilimtoa wa kwanza vizuri kabisa. Wa pili alinivuta yeye. Nilizama mpaka mapajani, nikaacha kiatu kimoja chini ya matope ambako nadhani kipo mpaka leo, na nikarudi mashuani kwa magoti huku Bibi akinieleza kutoka chini ya mwavuli makosa yangu yote kwa mpango.

Hata hivyo nilipata k'aa wanne wazuri, wanene. Niliwafunga magando kwa ukindu wa Bibi, fundo langu mwenyewe, la kupitisha mara mbili na kurudisha ncha chini, ambalo nilijivunia na bado najivunia. Nikawatia kwenye pakacha, nikaliweka karibu na miguu ya Bibi.

Binamu naye alikuwa ameshusha mshipi. Alitema mate kwenye chambo kwanza, kama wanavyofanya kwao, na dada yangu akageuza uso, nikadhani amechukia, kumbe anacheka. Mara akavuta, akatoa samaki mdogo mwenye madoa, anarukaruka.

"Na huyu wamwitaje, mume wangu?" Bibi akauliza.

Binamu alimtazama samaki. Alitutazama. "Samaki," alisema.

"Alhamdulillahi. Hilo amelijua."

Tukala mahamri, tukanywa chai. Maji yalisimama, hayaji wala hayaendi, na kwa mara ya kwanza siku ile hapakuwa na aliyemtania mtu. Bibi akauliza, kwa sauti ambayo haikuwa ya utani, "Na mamako, huko aliko, hula nini?"

"Samaki ya ziwa, Bibi. Wali siku ya Ijumaa. Kaa kule hakuna." Binamu akaweka kikombe chini. "Lakini kuna kitu. Yule mtu wa makaa akikuja mlangoni, mama anamwambia, 'Nipe kaa, usinipe kaa.' Halafu anacheka. Anacheka mpaka anakaa chini kwa sakafu. Mtu wa makaa anamwangalia tu. Sisi watoto pia tulikuwa tunamwangalia. Baba anasema ni mambo ya pwani. Mimi, mpaka wiki hii, nilikuwa sijui mama anacheka nini."

"Peke yake?" Bibi akauliza.

"Peke yake, Bibi. Kila mara."

Hakumsahihisha. Sentensi nzima ilikuwa na makosa ya kumtosha juma zima, akayaacha yote yapite. Tambuu ilisimama shavuni mwake. Alitazama mikoko, na uso wake ulikuwa wa mtu anayesikia kitu mbali. Nilimwonea huruma, na kwa kuwa maisha yangu yote nilikuwa nimezoea kumwogopa tu, sikujua niweke wapi macho. Nikajishughulisha na kukung'uta matope miguuni. Dada alikuwa anakosha vikombe. Binamu anakunja mshipi wake. Bibi aliinama, akatengeneza leso yake miguuni kwa muda mrefu, akanung'unika kwamba upepo unaifunua, ingawa upepo wenyewe siukumbuki.

Kisha akanyooka. "Mume wangu," alisema, "hebu nipe kijaluba changu. Ki hapo, nyuma ya pakacha. La, mkono uingize zaidi."

Binamu akauingiza zaidi.

Ule ukelele niliusikia masikioni siku nyingi. Alisimama mashua ikayumba, mkono juu, na kwenye kidole gumba ananing'inia k'aa mzima, gando limemng'ang'ania.

"K'aa!" binamu akapiga kelele. "Bibi, k'aa! K'aa! K'aa amenikamata!"

Na pumzi ilitoka, jamani. Ilitoka kutoka tumboni, ikapita kila mahali inapotakiwa kupita, ikatoka na k iliyo safi kama ya mtu aliyezaliwa chini ya ngazi ya nyumba yetu. Ningekuwa na kiberiti mbele yake kingezimika, na cha jirani pia. Ndege waliondoka kwenye mikoko.

"Usimvunje!" Bibi akaamuru. "Tia mkono majini, atakuacha mwenyewe!" Binamu akautumbukiza mkono mtoni, k'aa akaachia, nami nikamdaka kwa wavu uliokuwa mashuani kabla hajaenda kwao. Kidole kilikuwa kinatoka damu. Dada yangu alirarua ukingo wa leso yake akakifunga mbele yetu sote, bila kumwomba mtu ruhusa.

Bibi alifungua kijaluba chake, ambacho kumbe kilikuwa mapajani mwake muda wote.

"Mmesikia?" alituuliza. "Mimi nimesikia kwa masikio yangu haya. Mtu akiumwa hulia kwa lugha ya kwao. Huyu ni wetu. Mke mwenzangu, tengeneza buibui lako, mchumba wako yuwakutazama."

Dada alijifunika uso mzima, na buibui likawa linatikisika. Sijui kama alikuwa anacheka au analia, na sikuuliza. Binamu, mwenye kidole kama kitumbua, alitaka kuhakikisha. "Bibi, nimesema vizuri? Kaa?"

Moto wa kiberiti usingetikisika hata kidogo. K yake ilikuwa imekwisha kurudi ile ile ya landhi.

"Sikusema useme mara mbili," Bibi akajibu. "Piga makasia, maji yaanza kutoka."

Jioni tukapika k'aa wa kweli, na mchuzi safari hii haukuwa na mzaha. Baba alifurahi mpaka akasahau dawa yake ya kifua. Bibi alikaa kwenye kiti chake kidogo cha jikoni akigawa. Alifungua pindo la leso, kule alikoweka vitu vyake vyote vya thamani, atoe karafuu ya tambuu, na pamoja na karafuu ukaanguka utepe wa ukindu.

Nikauokota. Haukuwa umekatika wala kutafunwa na k'aa. Ulikuwa mzima, umejikunja mahali pawili, na kwenye ncha bado una alama ya kurudishwa chini. Lilikuwa fundo langu. Mtu alikuwa amelifungua kwa kucha, taratibu, kama anavyojua kufungua mtu anayesuka ukindu kila siku ya maisha yake.

Nilimtazama. Naye alinitazama, bila kupepesa. Kisha akachagua kwenye chungu gando kubwa kuliko yote, lile ambalo kila siku lilikuwa la Baba, akaliweka kwenye sahani yangu.

"Kula," alisema. "Kinywa kilichojaa hakisemi."

Nikala. Lilikuwa tamu, na fundo langu halikufunguka lenyewe. Hayo mawili niliyashika.

Harusi haikuchelewa, tuliifunga kabla ya gari la binamu, hata shangazi hakuwahi kufika. Siku ya kuondoka, Bibi alikuja stesheni. Hakuwahi kukanyaga pale tangu siku ile binti yake alipochukuliwa, na watu wazima wa ukoo walimzunguka wakidhani atazimia. Hakuzimia. Alimwambia mtu wa tiketi kwamba Kisumu hatamki sawa. Halafu akampa dada yangu kifurushi cha kitambaa, amkabidhi shangazi mkononi, wala asikifungue njiani. Akamwambia amwambie shangazi kwamba mamake amemletea mtu wa kucheka naye. Gari lilipopiga honi hakuuliza limemmeza nani. Alisimama amelishika bega langu, na vidole vyake vilikuwa vinaniumiza, nikavumilia.

Kilichokuwa ndani ya kifurushi nilikuja kukisikia dada aliporudi nyumbani kujifungua mtoto wake wa kwanza. Lilikuwa pande moja la kaa la moto, limeoshwa, limefungwa kwa ukindu huku na huku kama k'aa aliyefungwa magando, kwa fundo la kupitisha mara mbili na kurudisha ncha chini. Shangazi alilipakata akaligeuzageuza. Akauliza, "Mama kasema ni nini hiki?"

"Kasema ni k'aa," dada akamjibu.

Shangazi alikaa chini sakafuni. Dada yangu naye, baada ya safari yote ile, na mizigo haijafunguliwa, akakaa chini pembeni yake, wakashikana mabega. Binamu alisimama mlangoni na masanduku mikononi, anawauliza wanacheka nini.